Moto au Baridi? Historia ya Baa za Kitaa Dar na Watu Ambao Hakuna Anayewataja

Panda daladala inayokatiza Sinza halafu msikilize konda anavyotaja vituo. Utasikia Kijiweni, Madukani, Makaburini, Kwa Remmy. Hicho cha mwisho kinamtaja Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaingia Dar mwaka 1978, akaishi Sinza na kufariki Desemba 2010. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wanashuka Kwa Remmy kila siku bila kujua alikuwa nani. Ila jina lipo, makonda wamelishika na halitoki.

Huyo ana bahati. Nyuma yake kuna mamia ya watu waliozitengeneza usiku za Dar kwa miaka mingi na hawana hata kituo kimoja: wapiga gitaa, wapuliza tarumbeta, baamedi, wachoma nyama, walinzi wa getini, akina mama waliopika pombe kabla bia ya chupa haijafika mdomoni mwa Mswahili. Baa ya kitaa ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo haijaandikwa popote. Twende nayo taratibu.

ENZI ZA KILABU

Wakati wa mkoloni hata kunywa kulikuwa na ubaguzi. Bia ya chupa na pombe kali vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya kienyeji tu, tena kwenye kilabu chenye kibali. Ilala ilikuwa na kilabu cha namna hiyo, na ushuru wake uliingia kwenye mfuko wa mji. Yaani mlevi wa Ilala alikuwa anachangia mapato ya serikali ambayo haikumruhusu anunue chupa moja ya bia. Chekesha hilo.

Nani alikuwa anapika? Wanawake. Pombe ya nafaka ilikuwa kazi ya akina mama, na tembo la mnazi lililetwa mjini na wagema wa pembezoni, huko kwenye mashamba ya minazi ya Wazaramo. Kwa mwanamke aliyefika Dar peke yake, labda ameachika, labda amekimbia ndoa, hakukuwa na ajira ya kiwandani wala ofisini. Pipa la pombe lilikuwa mojawapo ya njia chache za kushika hela yake mwenyewe bila kumuomba mtu. Wapo waliolipa kodi ya chumba kwa pombe, wapo waliosomesha watoto, na wapo waliofikia hatua ya kuwa na nyumba.

Kiwanda cha bia kilishakuwepo mjini. Tanganyika Breweries, ambayo leo ni TBL, ilianzishwa mwaka 1933. Lakini ilibidi Vita Vya Pili vya Dunia viishe kwanza ndipo sheria zikaanza kulegea na Mwafrika akaweza kukaa mezani na chupa yake waziwazi. Ndiyo maana kwa wazee wa kizazi kile, bia ya chupa haikuwa kinywaji tu. Kushika chupa mbele za watu ilikuwa ni kusema "na mimi ni mtu wa mjini."

Pombe ya kilabu haikufa. Ilihamia kwa wasio na uwezo wa chupa. Chibuku, wanzuki, mbege, mnazi, vyote vimeendelea kunyweka Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala. Ukisikia mtu anataja Uwanja wa Fisi pale Manzese na Tandale, usidhani kuna wanyama. Ni eneo lililojulikana kwa vilabu na maisha ya usiku, na waliouza pale, kama zamani, wengi ni wanawake.

KWA NINI BAA IKAWA SEBULE

Sensa ya 1957 iliikuta Dar ina watu kama 128,000. Miaka kumi baadaye, 1967, walishafika 272,000 hivi. Mji ulizidi mara mbili ndani ya muongo mmoja. Waliojaa ni vijana kutoka mikoani, wakifuata kazi bandarini, reli, viwandani na ofisi mpya za serikali. Walikaa wapi? Magomeni, Ilala, Kinondoni, Temeke, mitaa iliyopangwa au kukua kama makazi ya Waafrika, mbali kidogo na Oysterbay ya wakubwa.

Nyumba zenyewe unazijua. Ni nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko la wote. Familia moja chumba kimoja. Mume, mke, watoto wanne, kitanda kimetenganishwa na pazia. Mgeni akija mnamkaribisha wapi? Mwanaume akitoka kazini saa kumi jioni anakaa wapi mpaka usiku? Wengine msikitini, wengine kwenye bao na kahawa barazani, wengine baa. Baa ilikuwa sebule ya watu wasio na sebule.

Hili haliko Dar peke yake. Tokyo nako vyumba ni vidogo, na Wajapani wana baa zao za mtaani wanaziita izakaya. Unakuta taa nyekundu ya karatasi mlangoni, ndani viti vichache, mishkaki ya kuku juu ya mkaa, na watu wa kazi moja wanapunguza uchovu kabla ya kupanda treni kurudi nyumbani. Pale Shinjuku kuna vichochoro vinaitwa Golden Gai vyenye baa zaidi ya 200, nyingine zinaingiza watu wachache tu kwa wakati mmoja. Majengo marefu yameota pembeni lakini vichochoro vimebaki, na leo watalii wanatoka mbali kwenda kupiga picha. Kumbuka huo mfano, tutaurudia.

Sinza yenyewe ilikuja baadaye. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaboresha pia miundombinu Manzese. Viwanja vya Sinza vilikuwa vidogo, vya watu wa kipato cha kawaida kujijengea. Nyumba nyuma, mbele grosari. Taratibu grosari ikaongeza meza, ikaongeza jiko la nyama, ikaongeza spika. Ndivyo Sinza ilivyokuwa Sinza unayoijua.

BENDI ZA SERIKALI, GITAA LA MWAJIRI

Dansi lilikuwepo Dar tangu zamani. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Western Jazz ikafuata 1959. Ila baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, halafu OTTU, na mitaani ni Msondo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, ngome yake Kinondoni. Mlimani Park ilizaliwa 1978, baadaye ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Hiyo ndiyo Sikinde, na wanamuziki wake wa mwanzo kadhaa walitoka huko huko JUWATA. Utani wa Msondo na Sikinde ulianzia hapo, na wazee wakikaa pamoja bado hawajaumaliza.

Ramani ya usiku wa wakati ule ilikuwa hivi. Ubungo kulikuwa na White House, walipopiga Maquis waliotoka Kongo, kisha wakahamia Lang'ata, Kinondoni. Vijana walikuwa Kinondoni. DDC ilikuwa na kumbi Kariakoo, Magomeni Kondoa na Keko. Chang'ombe kulikuwa na TCC Club, klabu ya kiwanda cha sigara. Mtu wa Temeke hakuhitaji kwenda mjini kupata burudani, na wa Magomeni alitembea kwa miguu tu.

Sasa sikiliza upande ambao hausimuliwi. Wale wanamuziki walikuwa waajiriwa. Walilipwa mshahara wa mwezi kama karani. Gitaa, tarumbeta, ngoma, spika, vyote vya mwajiri. Ukigombana na uongozi unaacha gitaa unatoka na nguo zako. Ndiyo maana enzi zile "kuhama bendi" ilikuwa habari kubwa mjini kama usajili wa Simba na Yanga leo. Mtu akipata bendi yenye vyombo vipya anaondoka usiku huohuo.

Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, na tunashukuru, maana bila kanda zile kizazi chetu kisingesikia kitu. Lakini kurekodiwa na kulipwa ni vitu viwili. Redio ilipiga nyimbo nchi nzima, kaseti za kunakili zikauzwa Kariakoo kwa miaka, na sheria ya hakimiliki yenye meno kidogo ilikuja 1999. Wapo waliopuliza saksafoni unayoisikia kila Jumapili kwenye zilipendwa na walizeeka wakipanga chumba. Jina la mwimbaji mara nyingine linatajwa. La mpuliza saksafoni, nadra. La kijana aliyebeba spika kutoka kwenye gari, kamwe.

Na mashairi yale yalitoka wapi? Yalitoka meza za baa. Mtu kaachwa na mke, kaonewa kazini, mtoto kamtupa mama kijijini, rafiki kamgeuka kwa sababu ya hela. Mteja anasimulia leo, baada ya wiki chache kisa chake kinaimbwa jukwaani, na yeye yuko palepale anacheza. Mwenye kisa naye hajatajwa.

MIAKA YA BIA KWA KUJUANA

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha nchi imechoka. Miaka ya mwanzo ya 1980 kila kitu kilikuwa cha foleni, sukari, sabuni, unga, na bia nayo ikawa adimu. Hapo ndipo kujuana na mhudumu kukawa mtaji. Bia ilipofika, nani anajua imefika? Baamedi. Nani anaamua meza ipi ipate? Baamedi. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, ikawasaka watu waliohesabika hawana kazi rasmi mjini wapelekwe mashambani. Kwa mwanamke anayeuza pombe bila kibali au mpiga bendi isiyo na taasisi nyuma yake, jioni ya baa ilikuwa na hofu ndani yake.

Ukiwasikiliza wazee utashangaa. Wanasema bia zilikuwa hazipo, halafu dakika hiyohiyo wanasema hakukuwa na burudani kama ya miaka ile. Yote mawili ni kweli. Watu walifuata muziki na watu wenzao. Chupa moja ilikaa mezani mpaka bendi inafunga.

DADA, MOTO AU BARIDI?

Tumefika kwa mtu mkuu wa historia hii. Ukiingia baa yoyote Tanzania swali la kwanza ni "moto au baridi?" Wageni wanashangaa, bia ya moto? Ndiyo, wapo watu wazima hawagusi ya baridi. Aliyekuuliza hilo swali ni nani? Ukimjibu unamwita "dada", au "anti", au jina la utani alilopewa kaunta. Jina lake la kwao hulijui. Mara nyingi hata mwenye baa halijui.

Kazi yake iko hivi. Anachukua bia kaunta kwa hesabu yake, anapeleka mezani, anakusanya hela. Mteja akitoroka bila kulipa, mara nyingi anakatwa yeye. Chupa ikivunjika, anakatwa yeye. Mshahara ukiwepo ni mdogo, kwa hiyo tegemeo ni chenji ya wateja. Saa nane usiku anatafuta usafiri wa kurudi chumbani na kesho saa tisa alasiri anaanza tena.

Kisha likaja janga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukasambaa mikoani. Baamedi akawa wa kwanza kunyooshewa kidole. Akaitwa kundi hatarishi, akawa mfano wa mabango, akawa mbaya wa hadithi. Mwanaume mwenye gari aliyemfuata pale kaunta hakuwekwa kwenye bango lolote. Kitaa kilizika mabaamedi wengi miaka ile, baadhi yao wakasafirishwa kwao, baadhi wakazikwa hapa hapa na watu waliochanga sanda kwenye meza zilezile walizohudumia. Wateja wanakumbuka sura. Wachache wanakumbuka jina.

Na bado mshahara ule ulifanya kazi. Kuna wakubwa wa leo, wenye degree na nyumba Kimara, waliolelewa na bibi kijijini kwa hela iliyotumwa na "mama anafanya kazi hoteli Dar." Ilikuwa baa. Familia zinajua na hazisemi.

KUMBI ZIKAANZA KUPUNGUA

Miaka ya 1990 upepo ukageuka. TBL ikabinafsishwa 1993 na kampuni ya Afrika Kusini ikaingia ubia, bia zikarudi kwa wingi. Redio binafsi na televisheni zikaanza, ITV na Radio One mwaka 1994. Mashirika ya umma yakaacha kubeba bendi. Kinondoni ikapata maisha mapya na African Stars, Twanga Pepeta yenyewe, pale Mango Garden, na kwa miaka kadhaa ukisema "tunakula bata Kinondoni" kila mtu anajua unamaanisha wapi. Halafu Bongo Flava ikachukua vijana, mtu mmoja na CD yake anajaza ukumbi ambao bendi ya watu ishirini ilikuwa inaujaza. Hesabu ya mwenye baa ni rahisi. Dijei mmoja ni nafuu kuliko watu ishirini wanaokula. Baadaye hata dijei akapunguzwa, ikabaki skrini ya mpira wa Uingereza.

Barabara nazo zilichukua zake. Ujenzi wa mwendokasi, ulioanza kubeba abiria 2016, ulibadilisha uso wa Morogoro Road kuanzia Magomeni mpaka Kimara. Mwaka 2017 upanuzi wa barabara kutoka Kimara kuelekea Kibaha ulibomoa majengo mengi, baa na grosari zikiwemo. Na mwaka 2023 NEMC ilifungia baa kadhaa za Dar kwa sababu ya kelele.

Hapa tuwe wakweli. Jirani anayelalamika kelele ana hoja. Mtoto anasoma mtihani wa darasa la saba huku spika inatikisa dirisha. Kuna wake waliopigwa na waume waliotoka baa, kuna mishahara iliyoishia kaunta watoto wakalala njaa. Anayesema baa za zamani zilikuwa peponi anadanganya. Swali siyo kama baa ziachiwe zipige muziki mpaka asubuhi. Swali ni nini kinabaki cha watu waliofanya kazi humo baada ya geti kufungwa.

ZUNGUKA UONE

Jumamosi moja jaribu hii. Anzia viwanja vya Biafra, Kinondoni. Jina hilo linatoka enzi za vita vya Nigeria, na Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Ukiendelea utafika makaburi ya Kinondoni, walipolala wasanii wengi. Leaders Club haiko mbali. Aprili 2012 mji mzima ulijaa pale kumuaga nyota wa filamu aliyekufa ghafla, kisha msafara ukaelekea makaburini. Hakuna haja ya kumtaja, unamjua. Sherehe na msiba Kinondoni vimekaa jirani.

Upande wa Temeke anzia viwanja vya Sabasaba, Kilwa Road, vinavyobeba tarehe iliyozaliwa TANU, Julai 7, 1954. Rudi Chang'ombe uone Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007 ukichukua watu 60,000. Siku ya mechi ya watani wa jadi, baa za Keko na Chang'ombe hazina kiti mpaka usiku, na mchoma mishkaki wa pale anauza kwa siku moja kuliko wiki nzima.

Malizia Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama. Pale wamejenga nyumba za asili za makabila yetu, msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, na wikiendi kuna ngoma. Ni kazi nzuri. Lakini tembea mule ndani ukijiuliza hivi: kama nyumba ya babu yako kijijini inatunzwa ili ujue ulikotoka, nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na baa iliyokuwa mbele yake zitatunzwa na nani? Jiji la watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 lilikulia kwenye vyumba na meza zile. Golden Gai ya Tokyo imebaki kwa sababu kuna watu waliona thamani ya vichochoro vibovu mapema. Sisi thamani tunaiona kiwanja kikishauzwa.

Kazi ya kuanzia haihitaji bajeti. Kitaani kwako kuna mzee aliyepiga besi. Kuna mama anauza genge sasa hivi ambaye miaka ya 1980 alikuwa anajua bia imefika kabla ya wewe kuzaliwa. Kuna mchoma nyama ambaye jiko lake limehama mara nne. Simu unayo, ina kinasa sauti. Mkute jioni, msalimie vizuri, "shikamoo mama," kaa chini, na swali la kwanza kabisa lisiwe kuhusu bendi wala kuhusu bia.

Muulize anaitwa nani.